Damu mpya, miguu ile ile

SWALI

Washauri, poleni na kazi.

Mume wangu ana miaka 52. Miezi 5 iliyopita alipandikizwa seli shina kutoka kwa mdogo wake, baada ya matibabu marefu ya saratani ya damu. Madaktari wanasema kipandikizi kimeshika vizuri. Kipimo cha mwisho kilionyesha himoglobini 10.2 na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, 78,000. Bado anameza prednisoloni kwa sababu ya vipele vilivyomtoka, ingawa dozi inapunguzwa kidogo kidogo, pamoja na dawa ya kutuliza kinga. Mrija wa kifuani ulitolewa mwezi uliopita.

Kinachotushinda ni uchovu. Anaamka kama mtu aliyekesha. Akishaoga anarudi kitandani. Kuinuka kwenye kiti cha chini mpaka ashikwe mkono. Mchana analala saa 2 au 3, kisha usiku macho makavu. Kliniki walimwambia "jitahidi kutembeatembea". Wiki mbili zilizopita aliamka siku moja yuko safi, akatoka akatembea dakika 40, akarudi anatabasamu. Kesho yake hakuinuka, na zilipita siku 3 kabla ya kurudia hali yake. Tangu hapo hataki kusikia neno mazoezi.

Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, anasema damu yake bado changa, aachwe apumzike mpaka nguvu zirudi zenyewe. Mimi kwa kumwonea huruma namfanyia kila kitu, hata kumvalisha soksi. Je, tulimdhuru kwa ile safari? Apumzike au afanye mazoezi? Na kama ni mazoezi, "kutembeatembea" ni dakika ngapi?

Mke, jina tunalo

JIBU

Dada, kwa jinsi ulivyoeleza, safari ile haikumdhuru. Kipandikizi hakitikiswi na kutembea. Alizidisha dozi, basi. Mtu ambaye kwa wiki kadhaa mwendo wake mrefu ulikuwa kutoka kitandani hadi bafuni, akitembea dakika 40 kwa mkupuo mmoja, ni kama kameza vidonge vya wiki nzima asubuhi moja. Na lawama si yake. "Jitahidi kutembeatembea" ni maelekezo yasiyo na kipimo, na dawa isiyo na kipimo mgonjwa huinywa kwa kukisia.

Mama mkwe kashika nusu ya ukweli. Damu kweli ni changa. Kinga inayotoka kwenye seli za mdogo wake inajifunza kazi upya, na kukomaa kwake huchukua mwaka au zaidi. Ndiyo maana amekatazwa misongamano. Lakini misuli, moyo na mapafu havikupandikizwa. Ni vile vile vya zamani, vimepitia dawa kali, wiki za kulala wodini, hamu ya kula iliyokatika, na sasa prednisoloni. Misuli isiyotumika huanza kupungua ndani ya siku chache tu. Moyo nao hupoteza uwezo wa kusukuma damu ya kutosha kwa kila pigo, kwa hiyo hata kuoga kunayapandisha mapigo kama anapanda mlima. Anachoka, analala. Akilala, misuli inapungua. Ikipungua, kesho anachoka mapema zaidi. Uchovu wa kazi huisha ukilala. Huu wa kwake unalishwa na kulala.

Hata hivyo, msianze kabla ya kuuliza maswali machache kliniki, maana kuna uchovu ambao mazoezi hayaugusi. Tezi ya koo, ile wanayoiita thairoidi, hulegea kwa baadhi ya waliopandikizwa, hasa waliopigwa mionzi mwili mzima, na kipimo kimoja cha damu huonyesha. Dawa za kutuliza kinga kama takrolimasi na saiklosporini hushusha madini ya magnesiamu mwilini, na misuli huwa mizito au hukakamaa. Mtu anayepunguziwa prednisoloni anaweza kuchoka kwa sababu dawa hiyo ilikuwa ikifanya kazi ya tezi zilizo juu ya figo, nazo zilishazoea kutofanya kazi. Kizunguzungu akisimama, kichefuchefu na presha ya chini ni ishara za kumwambia daktari mara moja. Asikatishe wala kupunguza vidonge hivyo kwa uamuzi wake. Kama alitibiwa kwa dawa za saratani ziitwazo doksorubisini au daunorubisini, moyo uangaliwe kwa mawimbi ya sauti. Kama anahema kuliko mwezi uliopita, apulize kipimo cha mapafu, kwa kuwa seli za mtoaji zinaweza kuyashambulia mapafu polepole bila kikohozi kikubwa. Waulizeni pia kuhusu dawa za usingizi na za maumivu anazotumia. Na sonona isisahaulike: mtu anayesema "nimechoka" wakati mwingine anasema "nimekata tamaa" kwa sauti ya chini.

Sasa, umeandika jambo moja ambalo wengi hulipita. Hawezi kuinuka kwenye kiti cha chini. Huo tuuite udhaifu, tuutenganishe na uchovu, kwa sababu tiba zake zinatofautiana. Prednisoloni hula kwanza misuli ya mapaja na nyonga. Mtazame asubuhi akiwa amepumzika: kama hata wakati huo lazima ajisukume kwa mikono ili ainuke, au ngazi anazipanda kwa kujivuta kwenye reli, hayo ni mapaja. Kutembea peke yake hakurudishi mapaja, yanahitaji kubeba uzito. Kwa hiyo mpango wake una miguu miwili: kutembea kwa ajili ya pumzi, na kuinuka kwa ajili ya nguvu.

Tuanze na kutembea. Kipimo cha kuanzia hutafutwa kwenye siku mbaya. Kwa siku 3 mfululizo, kila asubuhi atoe alama ya uchovu kutoka 0 hadi 10, kisha atembee mwendo wa kawaida mahali tambarare mpaka pale anapotamani kuketi. Andika dakika. Chukua ile ndogo kuliko zote na uigawe kwa mbili. Tuseme alipata 10, 6 na 8: anaanza na dakika 3. Anatembea 3, anaketi 3, mara tatu. Jumla dakika 9 za mwendo, siku 5 kwa wiki, saa ambayo kwa kawaida ana nguvu. Atacheka kwamba ni kidogo. Mwache acheke.

Wiki ya 2 vipande viwe 5 vya dakika 3. Wiki ya 3 vipande 3 vya dakika 5, ya 4 vipande 4 vya dakika 5. Wiki ya 5 na 6 vipande 2 vya dakika 10, halafu wiki ya 7 na 8 viwe 3. Kuanzia hapo pumziko lifupishwe hadi wiki ya 12 afikie dakika 30 bila kuketi, na siku zinaweza kupungua hadi 3 au 4 kwa wiki. Badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja: kwanza dakika, baadaye pumziko, mwendo kasi mwisho kabisa. Ratiba hii ni mfano tu. Akikwama kwenye hatua moja, abaki hapo wiki 2.

Ugumu upimwe kwa mdomo. Aweze kusema sentensi nzima bila kukatika, lakini kuimba kumshinde. Akiweza kuimba, akaze kidogo. Akijibu kwa neno moja moja, apunguze. Mapigo ya moyo kwenye saa ya mkononi tusiyategemee, maana baada ya upandikizaji huwa juu hata mtu akiwa ameketi, na baadhi ya dawa za presha huyazuia yasipande.

Hukumu hutolewa kesho yake asubuhi. Alama ya uchovu ikiwa ile ile au imeshuka, dozi ni sahihi. Ikipanda kwa 2 au zaidi, punguzeni theluthi moja kwa siku 2, kisha rudini. Siku mbaya afanye nusu, asiache kabisa, labda awe na homa au mojawapo ya dalili tutakazozitaja. Na siku nzuri, Dada, ndiyo ya hatari. Ndiyo siku ya dakika 40. Siku hiyo afanye kilichoandikwa na asiongeze hata dakika moja, nguvu zilizobaki azitumie kuzungumza na watu. Hapa ndipo mipango mingi inapoharibika: mtu hupanda kwa siku yake nzuri, huanguka siku 3, hupumzika wiki, na kila mzunguko huanza chini kidogo kuliko uliopita.

Mguu wa pili ni nguvu: siku 2 kwa wiki zisizofuatana, baada ya mwezi ziwe 3 akimudu. Wiki za mwanzo asizichanganye na kutembea saa ile ile. Chukueni kiti kigumu kisicho na magurudumu, chenye urefu wa kama sentimita 45, mkiegemeze ukutani kisiteleze. Wekeni mto mgumu juu yake, mmoja au hata miwili, mpaka pale atakapoweza kuinuka bila kutumia mikono. Nyayo zipanuke kama nyonga, visigino virudi nyuma kidogo ya magoti. Ainame mbele mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, atoe pumzi, asimame. Kushuka ahesabu 1, 2, 3. Mara 5, apumzike dakika 2, mara 5 tena. Mara 10 kwa awamu mbili zikiwa rahisi, toeni mto mmoja mrudi kwenye 5.

Kushuka ndiko kunakojenga zaidi, na ndiko watu wanakodanganya kwa kujitupa kitini. Magoti yakikutana katikati, uzito umezidi, rudisheni mto. Akibana pumzi, presha hupanda kichwani na machoni, na kwa mtu mwenye chembe sahani pungufu hatutaki hilo; basi ahesabu kwa sauti, maana anayehesabu hawezi kubana pumzi. Akisimama mara ya mwisho abaki palepale akihesabu 5 kabla ya kuondoka, kizunguzungu kisimwangushe.

Ongezeni kuinua visigino mara 8 akiwa ameshika ukuta, na kusukuma ukuta kwa viganja usawa wa kifua mara 8. Kuanzia wiki ya 3 apande na kushuka ngazi ya chini kabisa, mara 5 kila mguu, mkono ukiwa kwenye reli. Yote hayo hayazidi dakika 15. Asinyanyue vitu vizito kutoka chini wala kujipinda kiuno akiwa na mzigo, maana prednisoloni hudhoofisha mifupa pia. Wasomaji waliopandikizwa kwa ajili ya mieloma, saratani ya uboho inayokula mifupa, wawe makini mara mbili hapa: mifupa yao ioneshwe kwa daktari kabla ya zoezi lolote la uzito.

Mtajuaje kwamba inafanya kazi? Siku ya kwanza hesabu mara ngapi anainuka na kuketi ndani ya sekunde 30, mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Akishindwa hata moja, andika 0, si aibu. Rudieni kila wiki 4. Kwa wanaume wa miaka 60 hadi 64, chini ya 14 huhesabiwa kuwa pungufu, kwa hiyo mume wako, ambaye hajafika umri huo, ailenge 14 kama kituo cha njiani.

Tuje kwenye namba za damu, maana wengi huogopa zaidi ya inavyopasa na wengine huthubutu kupita kiasi. Kwa chembe sahani 78,000 anaweza kufanya yote tuliyoandika. Zikishuka chini ya 50,000, aache uzito wa ziada na mipira ya kuvuta, abaki na mwili wake mwenyewe. Chini ya 20,000, kutembea polepole na kunyoosha viungo tu. Chini ya 10,000, shughuli ndogo za chumbani mpaka daktari aseme. Himoglobini ikiwa kati ya 8 na 10, vipande viwe vifupi na pumziko refu. Chini ya 8, simamisheni mpango muulize. Joto la nyuzi 38 au zaidi, hakuna zoezi, na simu ipigwe kliniki saa hiyo hiyo. Hospitali hutofautiana kidogo kwenye mipaka hii, na ya kwenu ndiyo itakayotawala.

Aache papo hapo na kutafuta msaada akipata maumivu ya kifua, kuzimia, kuhema kusikokuwepo wiki iliyopita, shavu la mguu mmoja kuvimba, au vidoadoa vyekundu vipya ngozini na damu ya fizi. Kuna moja ambayo watu huidharau: maumivu ya kinena anapokanyaga. Prednisoloni inaweza kukata damu kwenye kichwa cha mfupa wa paja, na kuendelea kutembea juu ya nyonga ya namna hiyo huiharibu. Hiyo ipigwe picha.

Mahali pa kufanyia si tatizo. Ukumbi wa mita 10 unatosha, kwenda na kurudi. Bwawa la kuogelea asiliguse mpaka kliniki iruhusu, wala ukumbi wa mazoezi uliojaa watu. Asipite penye ujenzi na vumbi, asichimbe udongo wala kugeuza majani yaliyooza, kwa sababu kuvu wanaokaa humo huingia mapafuni. Jua kali alikwepe au ajifunike. Ngozi iliyokwisha kupata vipele vya kipandikizi inaweza kuchochewa upya na jua.

Swali ambalo hukuuliza ila mume wako huenda analo: kuna ushahidi? Upo, na tuseme ukweli hauendi upande mmoja tu. Miaka ya 1990 madaktari wa Freiburg, Ujerumani, waliwatembeza wagonjwa waliotoka kupandikizwa kwenye mashine ya kutembelea kwa vipande vifupi, kwa wiki 6, na uwezo wao ukapanda. Mwaka 2011 watafiti wa Heidelberg, huko huko Ujerumani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 105 waliopokea seli za mtu mwingine: waliofanya mazoezi ya pumzi na ya nguvu kabla, wakati na baada ya upandikizaji walichoka pungufu kuliko wenzao. Lakini mwaka 2014 ukatoka utafiti mkubwa wa Marekani wenye wagonjwa 711. Walifundishwa mwanzoni, wakapewa maelekezo, wakaachiwa wajifanyie wenyewe. Siku ya 100 hakukuwa na tofauti. Sisi tunausoma hivi: karatasi ya maelekezo haitoshi, anahitajika mtu wa kupima, kuandika na kurekebisha. Mkipata mtaalamu wa fiziotherapia hata mara moja kila wiki 2, afadhali. Msipompata, mtu huyo ni wewe na daftari lako.

Na daftari lisidai miujiza. Wiki 2 za kwanza hamtaona kitu. Kati ya wiki ya 4 na ya 6 kwa kawaida miguu hubadilika kwanza, uchovu ukifuata nyuma. Lengo la wiki 12 ni alama ishuke, mathalani kutoka 7 hadi 4 au 5. Kuisha kabisa kunaweza kuchukua muda mrefu zaidi, na kwa wengine kitu kidogo hubaki.

Usingizi wa mchana mkate bila huruma. Mmoja tu, dakika 30, kengele iwekwe, na uishe kabla ya saa 9 alasiri. Muulizeni daktari kama prednisoloni yote inaweza kumezwa asubuhi, maana ikimezwa jioni hukesha nayo. Misuli haijengwi kwa mazoezi matupu: protini ya gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, ikigawanywa kwenye kila mlo, ndicho kiwango kinachopendekezwa mara nyingi. Kwa mtu wa kilo 60 ni gramu 72 hadi 90. Figo zake zikiwa na shida, kliniki ipange upya.

Soksi avae mwenyewe. Hatusemi umwache ahangaike na kila kitu. Nguvu chache alizonazo zitumike panapolipa. Kuoga akiwa amesimama kwenye maji ya moto humaliza nguvu bila kumjenga, basi mwekee kiti bafuni aoge ameketi. Kikombe chake akifuate mwenyewe. Nguo nzito za kufua zibaki kwako.

Kwa mama mkwe, msibishane naye. Mwambieni kwamba ndiyo, damu ni changa, na miguu ndiyo itakayoibeba. Kisha mpeni saa na daftari: yeye ndiye ahesabu sekunde 30 siku ya kwanza, yeye ndiye aseme "kaa" dakika ya 3 ikitimia. Tunashuku kwamba mume wako, siku akiamka yuko safi na kutamani dakika 40, wewe atakubembeleza mpaka ukubali. Mama yake hatamweza.